Kariokor na Kariakoo: mbona Nairobi jirani hajui jina lako

Kila Mkenya anayerudi kutoka Dar es Salaam huja na stori moja. Si ya bahari wala ya chipsi mayai. Ni ile ya "manze, kule watu wanatembea usiku wakiongea na simu!" Anaisimulia akiwa bado hajaamini macho yake. Na kama umekulia Nairobi unajua mbona anashangaa. Hapa ukiwa tao, simu inatoka mfukoni ukishaingia dukani. Kwa matatu, ukikaa dirishani, unafunga kioo kwanza ndio usome meseji. Ukipita karibu na daraja la miguu saa mbili usiku, shingo inajikaza yenyewe ikingoja ngeta. Tumezoea hadi tunaona ni tabia ya kawaida ya binadamu.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba Watanzania ni wapole. Hilo jibu mimi silipendi. Upole hauko kwa damu. Na Dar si peponi: kuna vibaka, kuna wanaonyakua mikoba wakiwa juu ya pikipiki, na mwaka 2015 na tena 2022 jiji zima liliingiwa na baridi kwa sababu ya panya road, vikundi vya vijana waliovamia watu na mapanga. Kwa hivyo siandiki hapa kuhesabu wizi wa huku na wizi wa kule. Ninachotaka kujua ni kwa nini hofu ya mtu wa Nairobi na hofu ya mtu wa Dar hazifanani, hata siku ambayo hakuna aliyeibiwa.

Naanzia mitaa miwili yenye jina moja.

Nairobi tuna Kariokor. Dar wana Kariakoo. Yote mawili ni neno lile lile, Carrier Corps, lilivyosikika masikioni mwa Waswahili. Hao ndio wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, kupigana na Wajerumani ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Wengi hawakujitolea, walikamatwa. Makumi ya maelfu walikufa, na ugonjwa na njaa viliua wengi kuliko risasi. Nairobi kambi yao ilikuwa mashariki ya mji. Dar, Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kambi iliwekwa kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipanga liwe la Waafrika. Vita vikaisha, jina likabaki ardhini. Kwa hivyo miji yote miwili ina mtaa uliopewa jina na watu waliokuwa hapo kwa lazima, wakihesabiwa kama mizigo waliyobeba.

Hata ramani zilifanana. Dar ilikatwa vipande vitatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenganisha. Nairobi, iliyoanza 1899 kama kituo cha reli kwenye kinamasi, wazungu walichukua vilima vya magharibi vyenye hewa nzuri, Wahindi wakawekwa kwa biashara na Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi, karibu na mahali mji ulimwaga taka zake. Ukiangalia leo ni wapi matatu inakupeleka ukisema "Eastlands", umeiona hiyo ramani.

Sasa hapa ndipo miji inaachana, na mimi nadhani watu wengi hawapaangalii.

Kariakoo ya Dar iligawanywa viwanja, na watu wakajenga wenyewe. Walijenga ile nyumba tunayoiita ya Kiswahili: mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba kila upande, ua nyuma wa kupikia na kufulia, na mbele kibaraza. Mwenye nyumba alikuwa anaishi humo humo na wapangaji wake. Chumba hiki Mzaramo, kile Mmanyema, kingine kijana wa Kinyamwezi aliyekuja juzi kutafuta kazi bandarini. Kisima kimoja, choo kimoja, ukumbi mmoja. Huwezi kurudi saa sita usiku bila mtu kujua umerudi. Huwezi kuleta mgeni bila kuulizwa habari zake. Jioni watu wako kibarazani, na kibaraza kinatazama barabara. Ukitaka kumpora mtu kwenye mtaa kama huo unampora mbele ya mashahidi ishirini wanaomjua mama yako.

Kariokor ya Nairobi hadithi yake ni tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilijenga hapo mabweni ya wanaume. Fikiria hilo neno, mabweni. Serikali ya mkoloni haikutaka Mwafrika aishi Nairobi, ilitaka afanye kazi Nairobi. Mke na watoto walitakiwa kubaki reserve, na yeye apewe mahali pa kulaza mgongo hadi mkataba uishe. Shingoni alining'iniza kipande ndani ya kikopo cha chuma, na askari angeweza kumsimamisha wakati wowote aulize anafanya nini mjini. Mwenye nyumba wako alikuwa manispaa, au shirika la reli, au kampuni. Jirani yako alikuwa mtu mliyepangiwa kitanda karibu. Huyo huwezi kusema mmezoeana kwa miaka, maana hakuna aliyekuwa na miaka.

Nairobi ilikuwa na sehemu iliyofanana na Dar, na ni vizuri tuitaje: Pumwani, ile tunayoiita Majengo. Pale kuanzia miaka ya 1920 Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao, na kati ya wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, wengi Waislamu, waliopangisha chumba chumba. Ukumbi, ua, kila kitu. Kabla yake kulikuwa na kijiji cha Pangani, kikongwe zaidi, cha watu waliojijengea vile vile. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wakajengewa nyumba za manispaa Shauri Moyo. Soma tena hilo: mji ulikuwa na mtaa wa watu waliojuana, ukauvunja kwa makusudi na kuwapa watu nyumba ya kukodi. Hiyo tabia ya tingatinga haikuanza na serikali za juzi.

Halafu kuna 1954, na hii ndiyo naona ilitia sumu kwenye maji.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza walifunga Nairobi. Walikuja na askari wapatao 25,000. Operesheni waliiita Anvil, yaani fuawe, lile chuma la mhunzi. Walipita Eastlands mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakitoa nje kila Mkikuyu, Mwembu na Mmeru. Familia ilipewa muda mdogo wa kufunga mzigo. Wanaume zaidi ya 20,000 walipelekwa kambini, Manyani na MacKinnon Road, na wake na watoto kwa maelfu wakarudishwa reserve. Vyumba vilivyobaki wazi vikajazwa na watu wa makabila mengine.

Na waliochujwa walichujwaje? Ulipangwa foleni. Mbele yako alikaa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Ukipita mbele yake, anatingisha kichwa au hatingishi. Akitingisha, umeenda Manyani. Watu waliwaita gakunia. Aliyekuwa ndani ya gunia alikuwa mtu anayekujua: wa kazini, wa bweni lako, labda mliyekula naye juzi. Hukuwahi kumwona uso. Ukirudi baada ya miaka mitatu, kila mtu wa mtaa angeweza kuwa ndiye.

Mimi nikifikiria kwa nini babu zetu walitufundisha "usiambie watu mambo yako", huwa naliona hilo gunia. Nairobi ilijifunza mapema kwamba anayekujua ndiye anaweza kukumaliza. Salama yako ni kutojulikana.

Dar mambo yalikwenda upande mwingine, na si kwa sababu ya malaika. Wakoloni wa kule pia walisaka vijana wasio na kazi, wakawaita wahuni, wakawarudisha kwao kwa nguvu. Hata baada ya uhuru hiyo iliendelea. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliokota watu barabarani Dar na kuwapeleka vijijini wakalime. Lakini katikati ya miaka ya 1960 TANU, chama cha Nyerere, kilifanya kitu kimoja kilichobadilisha mtaa. Kila nyumba kumi zilipewa kiongozi, balozi wa nyumba kumi. Ukihamia, mwenye nyumba anakupeleka kwa balozi ujitambulishe. Ukigombana na mkeo, balozi. Kuku wa jirani wakila mboga zako, balozi. Kijana wa nyumba ya nne ameanza kurudi na vitu asivyoweza kununua, balozi ashasikia kabla ya polisi. Mpaka leo, ingawa vyama vingi vilirudi 1992, kwa shughuli nyingi kule unaulizwa barua ya serikali ya mtaa, ya kusema kwamba wewe unajulikana unaishi hapa.

Hilo neno "anajulikana" ndilo moyo wa stori. Kule ni kinga. Huku ni hatari.

Simaanishi balozi alikuwa mzee mwema tu wa kusuluhisha. Alikuwa sikio la chama. Mgeni aliyelala kwako alijulikana, na maneno yaliyosemwa kibarazani yalijulikana pia. Usalama wa Dar ulilipiwa na kitu, na waliolipa hawakuulizwa. Lakini mwizi alikuwa na shida kweli kweli.

Nairobi ya uhuru ilirithi nyumba za mkoloni pamoja na tabia zake. Muthaiga na Karen walibadilisha wenyewe, ukuta ukabaki na kurefuka. Watu waliofurika kutoka mashambani hawakukuta mabweni yakiwatosha, wakajaa Mathare, wakajaa Kibera, na tingatinga likawafuata. Mei 1990 Muoroto ilibomolewa na watu wakapigana na askari wa kanjo. Miaka ya 1990 uchumi ukaanguka, bunduki zikaingia kutoka nchi jirani zenye vita, benki zikaporwa mchana, magari yakatekwa, na mji ukapata lile jina la Nairobbery ambalo mpaka leo wageni wanalitaja wakicheka. Kila mtu akajibu kivyake. Tajiri akaongeza stima juu ya ukuta. Wa kati akaweka geti, soja, na mlango wa grili ndani ya mlango wa mbao. Leo soja wa makampuni nchini ni wengi kuliko polisi. Ghetto jibu likawa tairi na petroli: "mwizi!" na umati unamaliza kazi. Ukiangalia vizuri, hakuna hata jibu moja hapo linalomhusisha jirani kwa jina lake.

Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi moja, magaidi walilipua balozi za Marekani kwenye miji yote miwili. Nairobi walikufa zaidi ya 200, katikati ya mji, kwenye barabara iliyojaa. Dar walikufa 11. Jeraha halikuwa sawa, na tangu hapo ukiingia jengo lolote la tao unafunguliwa begi na kupigwa na kile kifimbo cha kukagua chuma, hata kama soja mwenyewe anaangalia kando.

Halafu Septemba 2013, Westgate. Watu 67. Na serikali yetu ilipotafuta dawa, ilikwenda kuikopa wapi? Kwa Watanzania. Ikaitwa Nyumba Kumi, hata jina hawakubadilisha. Wazee wakateuliwa, mikutano ikaitwa na chifu, tukaambiwa "mjue jirani yako".

Haikushika. Mashambani ilishika kidogo, Nairobi ilibaki jina. Watu husema ni kwa sababu Wakenya hatupendi kufuatiliwa. Kuna sababu mbili ambazo naona zina uzito zaidi.

Ya kwanza ni hesabu tu. Nyumba kumi za wapi? Njoo Pipeline au Kayole uone ploti ya ghorofa saba, vyumba vya upande huu na upande ule, korido ina giza saa sita mchana. Hiyo ni nyumba moja au sabini? Mwenye ploti haishi hapo, wapangaji hawajawahi kumwona. Kodi inaenda kwa simu kabla ya tarehe tano. Mtu anahama kila mwaka, akipata kazi au akipoteza. Ile nyumba ya Kariakoo mwenyewe alilala chumba cha mbele.

Ya pili ni 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Nairobi ilipasuka huko huko Mathare na Kibera. Watu walitolewa kwenye nyumba zao kwa sababu ya jina la pili. Na nani alijua jina lako la pili? Jirani. Wengine waliokolewa na jirani pia, walifichwa chini ya vitanda, hiyo lazima isemwe. Lakini baada ya hapo unakuja kwa mtu, miaka mitano baadaye, unamwambia aandikishe jina, kitambulisho na watu wa nyumba yake kwa daftari la mtaa? Lile gunia lilikuwa limerudi, safari hii bila matundu ya macho maana halikuhitajika.

Sasa sisi tulio na miaka ishirini na kitu tumeongezewa sura yetu. Juni 2024 tulitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge, polisi wakapiga risasi na watu wakafa. Miezi iliyofuata makumi ya vijana walitekwa, wengine mbele ya nyumba zao, na watu wasiojitambulisha. Uliza mtu wa rika langu anaogopa nini usiku Nairobi. Zamani angesema ngeta. Siku hizi atakuambia pia gari lisilo na nambari inayoeleweka limeegeshwa nje ya geti. Na lile geti, soja na grili, vyote tulivyonunua kwa ajili ya mwizi, havikusaidia hata kidogo.

Na Dar? Mei 2025 wanaharakati kutoka Kenya na Uganda walienda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, wakakamatwa na kutolewa nchini, wawili wakasema waliteswa. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi, vijana wa Dar waliandamana, jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje, intaneti ikazimwa, na watu wakauawa. Ule mji ambao msee wako alisifu kwamba unatembea usiku na simu ukawa mji ambao simu haishiki na usiku hakuna anayetembea. Mtaa unaokujua ni mzuri sana hadi siku anayeuliza habari zako si mwizi.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nichague usalama upi, wa Dar au wa Nairobi, naanza kwa kuuliza usalama dhidi ya nani. Dhidi ya kijana wa kunyakua simu, nipe ukumbi wa nyumba ya Kiswahili na mama mwenye nyumba anayelala chumba cha mbele, bila kufikiria mara mbili. Dhidi ya serikali, ule umati wa Nairobi ambapo hakuna anayejua jina lako ulitufaa, wiki chache, hadi walipojifunza kufuata simu badala ya mtu.

Kinachonikera ni kwamba wakati sisi tunatamani ya Dar, Dar inajenga ya kwetu. Kariakoo yenyewe nyumba nyingi za zamani zimeshavunjwa, ghorofa za maduka zimepanda juu yake, na pale palipokuwa na kibaraza sasa pamepangwa mizigo ya jumla kutoka China. Ukienda mitaa mipya ya pesa utakuta ukuta mrefu na nyaya za stima juu, kama umeshuka Kilimani. Huku kwetu mitaa ya zamani ya kanjo inaondolewa mmoja mmoja ipishe maghorofa. Huwa naangalia ile michoro ya mauzo, ile yenye watu wembamba wanaotembea na mbwa. Kuna maegesho, kuna kamera, kuna chumba cha soja. Sijaona hata mmoja uliochora mahali pa watu kukaa jioni wakitazama barabara.